Aliyefungua Ndiye Afunge

Kuna msomaji aliyeniandikia wiki hii akaniita mjinga. Nimeurudia ujumbe wake na sijaona pa kumbishia. Lakini mficha uchi hazai, na mimi nimeshavua shati mbele yenu tangu wiki ya kwanza, kwa hiyo acha niendelee na suruali.

Kwa aliyechelewa kuingia: mimi ni fundi cherehani. Nina mke mmoja, na nina gari moja dogo la zamani, la kabureta, ambalo mtaa mzima unaliita Bibi Kikohozi. Injini yake ilikuwa imekwisha. Ilikunywa oili, ikatema moshi wa bluu, na kila ilipoona mlima ilianza kutafuta sababu.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni fundi wa magari. Alinionya mapema. "Ringi za pistoni zimekwisha, shem. Itoe hiyo injini." Nikamjibu, "Itatufikisha."

Haikutufikisha. Ilizima mlimani, mke wangu akiwa ndani na uchungu, na mtoto wetu wa kwanza tulimzika bila kumsikia akilia.

Mke wangu alivumilia. Akapata mimba nyingine. Siku Bibi Kikohozi alipozima tena, yeye akiwa ndani na tumbo lake, aliteremka, akatembea kwa miguu mpaka kwa kaka yake, akakaa hukohuko. Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimepiga magoti sebuleni kwa shemeji, na mke wangu ananijibu kwa kumtuma mama yake: "Mama, mwambie sirudi mpaka injini ile itolewe. Na aitoe kwa mikono yake. Mdomo wake nimeshausikia."

Basi nikaenda kuitoa.

Gereji ya shemeji iko uani, nyuma ya nyumba. Bati juu, sakafu ya saruji nyeusi kwa oili, na mnyororo wa kunyanyulia injini unaning'inia kwenye boriti. Nilifika asubuhi nikiwa bado na aproni yangu ya dukani. Shemeji alinitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Fundi sindano umekuja kupima kiuno cha nani?"

"Nimekuja kazini, shem."

"Kazini kwangu sheria ni moja. Aliyefungua ndiye afunge. Nati uliyoifungua wewe, mimi siigusi. Niliyoifungua mimi, wewe hata usiikoholee."

"Na nikisahau?"

"Ukisahau, sema. Gari halina haja na aibu yako."

Mama mkwe, aliyekuwa amekaa mlangoni anapepeta mchele, alicheka. Akanieleza kwamba zamani vijana wawili wa gereji ya mwanawe walisaidiana kufunga tairi moja, kila mmoja akaamini mwenzake ndiye aliyekaza. Mwenye gari akiwa barabarani, tairi lake mwenyewe likampita.

Tangu siku hiyo shemeji hana kazi ya ubia. Kila bolti anayoifungua, akishaondoa kitu, anairudisha kwenye tundu lake na kuizungusha kidogo kwa vidole ili isipotee. Sisi wa cherehani tumelelewa vingine. Pini tunaweka mdomoni, kifungo tunatia mfukoni. Hakuna aliyewahi kufa kwa kifungo.

Tukaanza. Tulimwaga maji na oili, tukatoa boneti na rejeta. Shemeji alifungua kabureta, akaiweka mezani juu ya kitambaa safi kwa adabu ambayo hajawahi kunipa mimi. Kila alichoniambia nifungue nilikifungua. Vidole viliniuma, jasho likanitoka mpaka masikioni, lakini nilifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba nafanya jambo, badala ya kulieleza.

Mke wangu alikuwa kwenye dirisha la jikoni. Alikuwa haongei nami.

"Mama, mwambie asiegemee gari, atachafua shati."

Mama mkwe alinigeukia. "Amesema usiegemee gari."

"Nimesikia, mama. Mwambie asante."

"Amesema asante," mama mkwe akasema kuelekea dirishani, kisha akalalamika peke yake. "Nimezaa nikafikiri nitapumzika, kumbe nimekuwa simu."

Shemeji alikuwa amelala chini ya gari, zinaonekana ndala zake tu. "Shem, unauona waya uliosukwa kama mkanda, unatoka kwenye injini unaingia kwenye bodi? Fungua bolti ya upande wa injini. Huo ni waya wa athi."

"Kazi yake nini?"

"Umeme ukitoka kwenye betri lazima urudi. Hiyo ndiyo njia yake ya kurudi. Ukiufungia njia hiyo, utajitafutia nyingine, na haitakuwa nzuri."

Nikaifungua. Bolti ikabaki mkononi mwangu, nami nikawa natafuta pa kuirudisha. Hapo ndipo nikasikia mtu amesimama nyuma yangu.

Mke wangu. Ana kikombe cha chai mikononi, tumbo liko mbele yake kama mgeni wa heshima.

"Umepungua," akaniambia.

Neno moja, wasomaji wangu. Kwa wiki nzima nilikuwa naishi kwa tafsiri ya mama mkwe, leo nimepewa neno zima, la moja kwa moja. Nilitaka kupokea kile kikombe kwa mikono miwili. Bolti nikaitia mfukoni mwa aproni.

"Chakula cha peke yangu hakishuki," nikamjibu.

"Kunywa, isipoe."

Akarudi ndani. Na mimi nikanywa ile chai mpaka nikatafuna majani.

Mchana injini ya zamani ilining'inia kwenye mnyororo, inadondosha matone meusi. Shemeji aliishusha kwenye gunia pembeni. Mke wangu alitoka tena, safari hii bila chai. Alisimama mbele ya lile dude akalitazama kwa muda mrefu.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii," nikasema.

"Ndogo hivi?"

Aliinama kwa shida, akaigusa kwa kidole kimoja, akaangalia weusi uliobaki kwenye kidole. Kisha akalia. Hakulia kwa sauti. Machozi yalishuka tu, naye hakuyafuta. Nilitaka kumshika nikakumbuka mikono yangu ina grisi, nikabaki nimeinyoosha hewani kama ninayempimia gauni. Yeye mwenyewe ndiye aliyesogea, akaegemea kifua changu, grisi na yote.

"Mwambie ataliharibu gauni," mama mkwe akasema mlangoni, na sikujua anamwambia nani.

Injini mpya haikuwa mpya. Ilitoka kwenye gari la aina ileile lililogongwa nyuma, mbele likabaki zima. Kabla ya kuiinua, shemeji alitoa plagi moja, akaniambia nizibe tundu kwa kidole gumba, akaizungusha injini kwa spana. Pumzi ilinisukuma kidole kikatoka.

"Hii ina kifua," akasema. "Ile yako ilikuwa inapuliza kama mtoto anayekataa dawa."

Kuitia ndani kulikuwa vita. Injini ilikataa kuingiana na giaboksi. Shemeji anasukuma, mimi nainua, yeye ananitukana, mimi namwomba msamaha kwa kosa nisilolijua. Mwisho akasogeza mnyororo kidogo, akasema "tikisa," nikatikisa, ikaingia yenyewe kama droo. Tukacheka sote wawili. Alinipiga bega. Nakumbuka nilijiambia, leo nimepata mke na ndugu kwa mpigo.

Baada ya hapo kila mtu akafunga vyake. Yeye upande wake, mimi upande wangu. Nilifunga mipira ya maji, nikafunga rejeta, nikafunga vishikio vya injini huku akinielekeza nikaze kwa nguvu kiasi gani. Nilikuwa natafuta bolti zangu kwenye matundu, kama alivyonifundisha. Kila tundu lenye bolti, nilikaza. Tundu lisilo na bolti halikunambia kitu, na ule waya ulikuwa umejificha chini, nyuma ya injini.

Shemeji alinyanyuka, akafuta mikono.

"Vyako vyote umefunga?"

Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, na mke wangu alikuwa pale.

Ningeweza kusema, "Ngoja niangalie." Ni maneno mawili. Lakini nilikuwa mtu ambaye neno lake limekufa mlimani, nikataka dirisha lile lisikie neno jipya, zito, lisilo na kigugumizi.

"Vyote," nikasema. "Nimefunga vyote."

Shemeji aliamini. Sheria yake ilimkataza kuangalia kilicho changu.

Akawasha. Injini ilizunguka kwa uvivu, kwa shida, ikanyamaza. Akarudia. Ikazunguka kama mtu anayeamshwa saa mbaya.

"Betri imechoka?" akajiuliza. "Sipendi hivi."

Akarudia tena na tena, akavuta choki, na safari hii ikashika. Wasomaji wangu, ilinguruma! Hakuna moshi, hakuna kikohozi. Mama mkwe alipiga kigelegele. Shemeji alisimama mbele, akaivuta kabureta kwa kidole, injini ikapanda ikashuka, laini kabisa.

Kisha akakunja pua. "Kuna harufu ya plastiki."

"Si grisi ya mikono yetu inaungua kwenye ekzosi?" nikadakia. Yeye mwenyewe alikuwa amenieleza hivyo mchana, kwamba injini ikiwashwa mara ya kwanza lazima inuke.

"Na stata ya kuwashia ilikuwa nzito. Nataka niangalie kabla—"

"Shem, injini imewaka! Unataka ikuombe ruhusa?"

Alisita. Na mke wangu, aliyekuwa ameshatoka na mkoba wake begani, akafungua mlango wa mbele wa gari.

"Kaka, nizungushe mpaka huko chini barabarani. Ikirudi bila kuzima, leo nalala kwangu."

Nani angesema hapana? Shemeji alikaa kwenye usukani, maana gari likitoka gereji kwake yeye ndiye huliendesha kwanza. Mke wangu alinipungia mkono. Bibi Kikohozi akatoka getini kama bibi harusi.

Nilianza kukusanya vifaa, napiga mluzi. Nikavua aproni, nikaikung'uta. Kitu kikagonga saruji, kikaruka, kikabiringika mpaka miguuni kwa mama mkwe.

"Hiki nini?" akauliza.

"Kifungo, mama," nikamjibu bila kufikiri.

Kisha nikakitazama. Kilikuwa bolti ya ule waya wa athi. Nikakiokota nikakimbia.

Sijawahi kukimbia vile. Nilipita getini, nikapita kwa kinyozi, nikapita kwa muuza mkaa, nasikia mbele yangu injini inapiga kelele kali, kelele inayopanda bila kushuka. Halafu mlio wa breki. Halafu kimya.

Gari lilikuwa limezama pua ndani ya rundo la mchanga mbele ya nyumba inayojengwa. Mke wangu alikuwa ameshatolewa, amekaa kwenye tofali, ameshika tumbo. Mzima. Anatetemeka, lakini mzima. Nilipiga magoti mbele yake.

"Lilikataa kusimama," akaniambia. "Kaka alikanyaga mafuta, pedali ikabaki chini. Ikabaki chini!"

Shemeji alikuwa ameinamia injini. Alishika kebo inayotoka kwenye pedali kwenda kwenye kabureta, aivute, akaachia kwa ukelele. Kiganja chake kilikuwa kimechorwa mstari mwekundu wa kuungua. Kebo ilikuwa moto, plastiki yake imeyeyuka ndani na kuigandisha. Umeme wa stata ulikosa njia ya kurudi, ukajitafutia nyingine, ukapitia hapo.

Aliangaza macho nyuma ya injini. Akauona waya uliosukwa unaning'inia, hauna bolti. Akageuka polepole, akautazama mkono wangu wa kulia. Nilikuwa nimeukunja ngumi.

Alijua. Sikuhitaji kuufungua.

"Kaka," mke wangu akaita, "kumetokea nini?"

Wapita njia walikuwa wametuzunguka. Shemeji alitazama tumbo la dada yake, akanitazama mimi.

"Mimi," akasema. "Nimesahau kufunga waya."

Nilinyamaza, wasomaji wangu. Hapo ndipo pa kunitukana, mnitukane sasa. Mtu alisimama mbele ya mtaa wake, mbele ya wateja wake, akajipaka tope langu, na mimi nikaangalia chini kama ninayetafuta sindano.

"Wewe?" Mke wangu alinyanyuka. "Wewe uliyemsema mume wangu tangu tulipozika? Wewe wa sheria? Ungeniua na huyu, kaka!"

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Sitaki kukuona."

Kinyozi alikuwepo, na gari lake lilikuwa gereji. Alitikisa kichwa. "Kama waya tu unamshinda," akamwambia jirani yake, "langu nakwenda kulichukua." Shemeji alisikia. Alipita karibu yangu akaninong'oneza, kiganja amekikumbatia kifuani.

"Sikutaka apate mshtuko wa pili. Mtoto kwanza. Lakini utamwambia mwenyewe, kwa mdomo wako. Hili siwezi kukubebea mpaka mwisho."

Tulikodi gari tukaenda zahanati. Mkunga aliweka sikio lake kwenye chombo, akatabasamu. Mapigo ya mtoto ni mazuri. "Arudi nyumbani apumzike. Asibebe kitu kizito, na asishtushwe."

Asishtushwe! Nililidaka neno hilo kama mtu anayezama anavyodaka ubao. Hata daktari angekuja kuniambia nimwambie ukweli, ningemwonyesha agizo la mkunga.

Na mke wangu akarudi nyumbani. Kwetu. Alipita mlangoni akavua viatu palepale alipozoea kuviacha. Alifungua kabati, akapanga nguo zake, akanikemea kwa vumbi. Nilikuwa nimeomba jioni hiyo kwa Mungu kwa majuma, na sasa imekuja nashindwa kuikalia.

Alijilaza kwenye kochi. Nikamwekea mto mgongoni, nikakaa sakafuni karibu yake.

"Nimempigia mama," akasema. "Nimemwambia mtoto akizaliwa, kaka asije kumwona."

"Usiseme hivyo. Ni kaka yako."

"Unamtetea? Yeye hajawahi kukutetea hata siku moja." Akanipapasa kichwa. "Unajua kwa nini nimerudi? Si kwa sababu ya injini. Nilikuwa dirishani kaka alipokuuliza kama umefunga vyako vyote. Nikakusikia ulivyojibu. Nikajisemea, safari hii ameangalia kwanza ndipo akasema. Ule mdomo wa 'itatufikisha' umekufa."

Nikaurekebisha mto wake.

"Uliangalia, sivyo?" akauliza.

"Niliangalia."

Akafumba macho. Feni ilizunguka juu yetu. Nilidhani amesinzia.

"Kitu kimoja kinanisumbua," akasema. "Kaka nimezaliwa nimemkuta. Tangu akiwa mdogo anahesabu vijiko akiviosha. Sijawahi kumwona akiacha nati. Na leo nilipomgombeza hakujitetea, hata kidogo. Alikuangalia wewe."

Akauchukua mkono wangu wa kulia, akauweka juu ya tumbo lake, wazi, kiganja chote.

"Apa," akasema. "Apa hapa kwamba ulifunga vyako vyote."

Mtoto alipiga teke. Nililisikia katikati ya kiganja, teke la mtu mwenye afya, mtu anayejua anachotaka.

Ningeweza kuapa. Nimewadanganya wateja juu ya siku za kuchukua suti, nimemdanganya mama mkwe juu ya kifungo, na dakika moja iliyopita nimemdanganya huyuhuyu usoni. Lakini mdomo uligoma. Niliuondoa mkono.

Mke wangu aliutazama ule mkono hewani. Hakupiga kelele. Alikaa, akashusha miguu, akaanza kutafuta viatu vyake kwa vidole. Aliposimama, chupa ya uzazi ikapasuka. Maji yalimshuka miguuni yakatandaa sakafuni, mpaka magotini kwangu.

Kule kwa shemeji, Bibi Kikohozi alikuwa bado kwenye mchanga, na kebo yake imeungua. Nilirukia simu.

"Nitatafuta gari! Sasa hivi, mke wangu, sasa hivi tunafika!"

Alikuwa ameshika mgongo wa kochi, amefumba macho, anahema ameuma meno. Uchungu ulipopungua alinitazama, na hakukuwa na hasira usoni mwake. Afadhali ingekuwepo.

"Mpigie kaka," akasema. "Wewe ubaki."